Pima Safari Kwanza: Hesabu ya Kigari cha Pedali, Kibaha na Kisarawe

Wiki ya tano ya TP yangu ya pili, Kisarawe, tulipanda mishikaki. Dereva mbele, mimi katikati, mwenzangu nyuma na begi la vitabu mgongoni. Tulifanya hivyo kwa sababu bumu lilikuwa limeisha, na nauli ya mmoja ukiigawa kwa wawili unabaki na hela ya chai. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, jambo lililotushangaza maana ulikuwa mwezi wa saba. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma likateleza. Mimi nilichubuka goti. Mwenzangu alivunjika mkono wa kulia akafungwa P.O.P, na wiki tatu zilizobaki aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi wake wa kidato cha kwanza walimvumilia, tena walimpenda zaidi. Lakini alipokuja kukaguliwa, maksi za mwandiko wa ubaoni zilishuka.

Simlaumu dereva. Sisi ndio tuliomwambia, "Kaka, tubebe wote kwa elfu moja mia mbili." Ninachotaka kuuliza ni hiki: kwa nini mtu mwenye kilo 60 na begi la kilo 5, anayekwenda kilomita mbili tu, hana chaguo lingine zaidi ya kutembea juani, kulipa nauli asiyoiweza, au kupanda mishikaki?

Niliporudi chuo nilikuta wenzangu wa hosteli wakibishana juu ya picha kwenye simu: kigari kidogo cha magurudumu matatu, kina paa na kioo cha mbele, unakanyaga pedali kama baiskeli na mota ya umeme inakusaidia. Ulaya na Marekani vipo vya aina hiyo. Mmoja akasema, "Hivi vikija Kibaha, vya kushirikiana, unachukua hapa unaacha pale, bodaboda kwisha habari yao." Mwingine akasema ni mchezo wa Wazungu. Nikaona wote wawili hawajapiga hesabu. Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa fizikia na hesabu, kwa hiyo nikachukua daftari. Makala hii ndiyo yaliyotoka kwenye daftari hilo. Darasani tunafundisha mambo haya kwa Kiingereza. Hapa tuongee lugha yetu.

Somo la kwanza: pima safari, usianze na chombo

Nimefanya TP mara mbili. Mwaka wa kwanza nilikuwa Kibaha, mwaka wa pili Kisarawe. Ni wilaya jirani, zote za Mkoa wa Pwani, lakini ardhi zake hazifanani.

Kibaha imekaa kando ya barabara ya Morogoro. Maili Moja, Picha ya Ndege, Tumbi, Mkoani, ukiingia mitaa ya ndani unakuta ardhi iliyolala, yenye mawimbi madogo tu. Kutoka chumba nilichopanga hadi shuleni niliyofundisha simu ilinipimia kilomita 2.8. Nusu lami, nusu vumbi.

Kisarawe ni habari nyingine. Ukitoka Gongo la Mboto ukapita Pugu, unaingia kwenye vilima. Mji wa Kisarawe umekaa juu, ndiyo maana jioni kuna upepo ambao watu wa Dar es Salaam wanautamani. Safari yangu ya kila siku ilikuwa kilomita 2.1, fupi kuliko ya Kibaha, lakini asubuhi nilishuka na mchana nilipanda. Kwa ramani ya simu, kupanda huko kulifika mita 50 hivi.

Kwenye daftari nina mambo matatu kuhusu safari zangu za pande zote mbili. Moja, karibu zote hazikuzidi kilomita 4. Mbili, nilikuwa peke yangu na mzigo mwepesi. Tatu, na hili likumbuke maana litarudi, nyingi zilikuwa saa moja: asubuhi watu wote wanakwenda upande mmoja, mchana wote wanarudi.

Somo la pili: uzito na kilima

Pikipiki ya bodaboda ina kilo 100 na ushee. Bajaji ina zaidi ya kilo 300 kabla hajapanda mtu. Kigari cha pedali chenye paa kinaweza kuwa na kilo 70 hivi. Nikiwemo mimi na begi na vikorokoro, tuweke jumla kilo 140.

Mtu wa kawaida, si mwanariadha, anaweza kukanyaga pedali kwa muda mrefu akitoa wati 75 bila kuhema sana. Mota ya baiskeli ya umeme inayokubalika Ulaya kama baiskeli ni ya wati 250, na inatakiwa iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa.

Kwenye lami iliyolala ya Kibaha, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, nimekadiria kwamba kigari hiki kinahitaji wati 115 hivi kushinda msuguano wa magurudumu na upepo. Miguu yako inatoa zaidi ya nusu, mota inamalizia. Kwenye vumbi hitaji linaweza kufika mara mbili ya hapo, na bado mota ndogo inatosha. Safari yangu ya kilomita 2.8 ingechukua kama dakika 10, nikafika bila shati kulowa jasho.

Sasa twende Kisarawe. Kupandisha kitu, nishati ni uzito mara mvutano wa dunia mara urefu wa kupanda. Kilo 140 × 10 × mita 50 = juli 70,000. Kwa miguu peke yake, wati 75, ni sekunde 933, yaani dakika 15 na nusu za kukanyaga bila kupumzika, na hapo sijahesabu msuguano. Ungeshuka ukasukuma. Mota ikiingia, wati 75 + 250 = 325, inakuwa sekunde 215, chini ya dakika 4.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mota. Kibaha mota inakupunguzia jasho. Kisarawe ndiyo inayofanya chombo kiwe chombo.

Nilimpelekea fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mzima, hesabu zangu. Nikamwamkia, akaitikia, akasoma karatasi kimya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hizo elfu sabini ulizopanda nazo, ukishuka zinakwenda wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimefundisha kanuni hiyo wiki tatu mfululizo, nishati haipotei, lakini sikuwa nimeuliza swali lile. Juli 70,000 ulizolipa kupanda, ukishuka unarudishiwa zote, na kama hutaki kufika chini kwa kasi ya kuua, lazima breki zizile ziwe joto. "Mota si kazi," fundi akasema. "Mota unanunua. Kazi ni breki." Chombo cha kilo 140 hakishushwi mteremko wa Kisarawe kwa breki za raba za baiskeli. Kinataka breki za diski, mbele na nyuma. Nikaukumbuka mkono wa mwenzangu.

Wazo hili si geni

Kabla ya kuingia kwenye hela, turudi nyuma kidogo, maana yule rafiki aliyesema ni mchezo wa Wazungu hakuwa na haki.

Neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli. Ni huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, ambako vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli toka boda hadi boda. Pikipiki ilikuja baadaye ikarithi jina. Na hapa kwetu guta, lile la magurudumu matatu linalobeba kreti za soda na magunia ya mkaa, ni kigari cha pedali tayari. Kinakosa paa, mota, na heshima.

Mombasa nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na vigari vyenye paa vilivyotembea juu ya reli nyembamba toka mji wa kale kuelekea Kilindini. Bwana alikaa kivulini, Waafrika wakasukuma nyuma. Sikumbushi hili kwa ajili ya kupamba makala. Ukitengeneza chombo cha nguvu za mwili, jambo la kwanza la kuuliza ni nani anakanyaga na nani amekaa. Katika wazo letu, anayekaa kivulini ndiye anayekanyaga.

Ufaransa, miaka ya 1920 na 1930, Charles Mochet alitengeneza kigari cha pedali baada ya kumtengenezea mwanawe Georges kimoja cha kuchezea. Kikaitwa Velocar, watu wawili wanakaa sambamba kila mmoja na pedali zake. Kilipata wateja kwa sababu watu wengi hawakumudu gari. Miaka ya karibuni, Marekani, kampuni ya Organic Transit ilitengeneza ELF: magurudumu matatu, paa, paneli ya jua na mota. Watu walikipenda, lakini bei yake ilikuwa maelfu ya dola, na kampuni haikudumu.

Upande wa kushirikiana, jirani zetu Kigali walianza mwaka 2021 na GuraRide, baiskeli za kuchukua kwenye kituo kimoja na kuacha kwenye kingine. Kigali ni mji wa vilima kuliko Kisarawe. Kwa hiyo vipande vyote vipo tayari. Swali ni kama vikikutanishwa hapa, hesabu inakubali.

Somo la tatu: hela iko wapi?

Wengi tunadhani umeme ndio utakaotuokoa kwa sababu petroli ni ghali. Tuangalie.

Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000 na pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita. Hiyo ni shilingi 75 kwa kilomita. Safari yangu ya Kibaha, kilomita 2.8, inakula petroli ya shilingi 210. Nauli niliyolipa ilikuwa 1,000.

Kigari cha pedali, tukikikadiria wati-saa 10 kwa kilomita na uniti ya umeme shilingi 400, safari hiyohiyo inakula umeme wa shilingi 11.

Umeona? Tofauti ya nishati ni shilingi 200 tu. Ile 790 iliyobaki kwenye nauli ni tairi, oili, hesabu ya tajiri kila jioni, muda wa kusubiri kijiweni, na ugali wa dereva na watoto wake. Kwa hiyo mtu anayekwambia chombo cha umeme kitashusha nauli kwa sababu umeme ni rahisi, hajakwambia ukweli wote. Kitu kikubwa tunachoondoa ukijiendesha mwenyewe ni dereva. Tuwe wakweli tunaposema hivyo, maana dereva huyo ni kaka yako, na wengine tunasoma kwa hela ya bodaboda.

Sasa bei ya chombo. Tuchukue kigari cha kuagiza nje, shilingi milioni 10. Kikiishi miaka 5, siku 300 kwa mwaka, ni siku 1,500. Gawanya: kila siku kinadai shilingi 6,667 hata kikilala. Ukiwa nacho peke yako, safari mbili kwa siku, kila safari imebeba 3,333. Panda bodaboda tu, ndugu yangu.

Fundi wangu alipiga hesabu yake: fremu ya guta, mota, betri, diski, paa la turubai. Tukafika kwenye milioni 3 hivi. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa siku. Lakini kinataka mtu wa kukitunza, kuchaji, kukaza, kuziba pancha. Tuseme mtu mmoja anatunza vigari vitano na analipwa 15,000 kwa siku. Na tuweke spea, pamoja na akiba ya betri nyingine, shilingi 100 kwa safari.

Kila kigari kikifanya safari 10 kwa siku: chombo 200, mtunzaji 300, spea 100, umeme 11. Jumla 611. Kwa TP ya siku 40, safari 80, unaokoa shilingi 31,000 na kidogo ukilinganisha na bodaboda ya 1,000. Si utajiri, lakini kwa mtu ambaye bumu limechelewa, ni milo mingi.

Kila kigari kikifanya safari 4 tu kwa siku: chombo 500, mtunzaji 750, spea 100, umeme 11. Jumla 1,361. Umepita bodaboda.

Mota ni ileile, betri ileile, fundi yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya safari. Hili ndilo jambo kubwa nililojifunza, na ndilo ningependa ubaki nalo hata ukisahau hesabu nyingine zote.

Somo la nne: asubuhi wote upande mmoja

Rudi kwenye jambo la tatu la daftari langu. Asubuhi tunakwenda wote, mchana tunarudi wote. Ina maana kigari nilichochukua saa 1 asubuhi kitasimama shuleni hadi saa 9 alasiri. Safari mbili. Hata nne hazifiki.

Kisarawe ni mbaya zaidi. Kushuka kila mtu anataka, kupanda hakuna anayetaka. Bila mota, ikifika saa 4 vigari vyote vitakuwa vimelala bondeni na juu hakuna hata kimoja. Mtunzaji atashinda akivipandisha mmojammoja. Kwa hiyo mota ya Kisarawe haikusaidii wewe tu, inasaidia chombo kirudi juu kwa mwenzako.

Safari 10 zitapatikana endapo tu chombo hakitakuwa cha wanachuo peke yetu. Saa 3 mama anatoka sokoni na kapu. Saa 5 mtu anakwenda kumwona mgonjwa Tumbi. Saa 7 karani anapeleka nyaraka. Tukikifungia kiwe cha walimu wa TP au cha wenye kitambulisho cha chuo, tumekiua wenyewe.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la dereva. Nilikaa kijiweni Kibaha nikamweleza kaka mmoja mambo haya, nikitegemea anifukuze. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, hicho chombo chako kitaibiwa wiki ya kwanza. Labda kikae hapa kijiweni." Akaendelea: wao wapo kuanzia alfajiri, wanamjua kila mtu wa mtaa, wanajua kuziba pancha, na safari za mita 800 hawazipendi maana hazilipi. Mtunzaji niliyemwandikia 15,000 kwenye daftari alikuwa ameketi mbele yangu. Vigari vikikaa kijiweni na mapato yakapita kwenye umoja wao, safari ndefu zinabaki za pikipiki, fupi zinakwenda kwa pedali, na hakuna anayepoteza ugali. Sisemi kila kijiwe kitakubali. Nasema mazungumzo yaanzie hapo, yasianzie kwa mwekezaji.

Kitengenezwe vipi

Tukipata nafasi ya kujaribu, haya ndiyo niliyoandika pamoja na fundi:

Kisifungwe pande zote. Joto la Pwani litakuchemsha. Paa, kioo cha mbele, na turubai za pembeni za kukunja kama za bajaji zinatosha. Masika unashusha, kiangazi unakunja.

Kiwe na gia nyepesi. Betri ikiisha njiani, mtu aweze kukifikisha nyumbani.

Breki za diski magurudumu yote matatu, na breki ya kuegesha kwa ajili ya Kisarawe.

Kiti na pedali vimruhusu mwanamke mwenye sketi au gauni kukaa kwa heshima. Wenzangu wa kike mnajua ninachosema.

Kisiingie barabara ya Morogoro. Yale malori hayakuoni. Njia zake ziwe mitaa ya ndani, na pale inapobidi kuvuka, kuvuka kwa kivuko.

Na kabla ya kuchomelea hata bomba moja, tuulize LATRA na polisi wa usalama barabarani: chombo hiki kwao ni baiskeli au pikipiki? Jibu hilo linabadilisha leseni, bima na bei.

Kazi ya nyumbani

Somo bila zoezi si somo. Kwa wiki moja, kila unapotoka hosteli au ulipopanga, andika mambo matano: saa, umbali, mzigo, umelipa ngapi, na kama kuna kilima. Usichague safari nzuri tu, andika zote. Kisha leteni madaftari ofisi ya serikali ya wanafunzi, niwekee jina "Fizikia, mwaka wa tatu". Nitazijumlisha kwa saa na kwa mtaa.

Tukiona safari zimetawanyika kutwa nzima, nitakwenda na karatasi hiyo kwa fundi na kijiweni tuongee habari ya kigari kimoja cha majaribio. Tukiona zote ni saa 1 na saa 9, nitaandika hapahapa kwamba hesabu imekataa, na tutadai kitu kingine, labda daladala moja ya uhakika saa hizo mbili. Mwenzangu ameshaondolewa P.O.P, mkono umepona ila hauinuki hadi juu ya ubao. Ameniahidi kwamba daftari lake litakuwa la kwanza.